Majirani wa Nyuma ya Soko: barua ya Mama Nasra

Mama Nasra, 18:41
Assalam alaykum, na wengine habari za jioni. Leo mchana wamekuja watu wawili wa manispaa, wana vitambulisho. Wameniachia barua. Inasema kiwanja changu ni cha makazi, nafanya biashara bila kibali, nisimamishe ndani ya siku 14. Jamani mimi naoka keki jikoni kwangu. Mwenye kujua anielekeze, sijui nianzie wapi.

Mama Imani, 18:43
Waalaykum salaam. Pole sana shoga yangu. Hizo keki ndizo ada za watoto.

Dada Zuu, 18:44
Pole dada. Kwa hiyo na mimi na cherehani zangu mbili nisubiri barua?

Baba Imani, 18:47
Pole Mama Nasra. Lakini hawa hawakutumwa na keki. Mtaa mzima unajua shida ni kuchomelea. Saa tatu usiku grinda inalia ukutani kwangu, na nina mtoto wa darasa la saba. Nilipeleka malalamiko serikali ya mtaa, na nilitaja kelele tu.

Fundi Side, 18:50
Kaka ungekuja kwangu.

Baba Imani, 18:51
Nimekuja, Side. Zaidi ya mara moja.

Mjumbe, 18:53
Naomba tusifike huko. Mwenzetu ana siku 14. Mzee Kondo upo? Wewe umefanya kazi ardhi miaka mingi.

Mzee Kondo, 19:24
Nipo, nimetoka kuswali.

Dada Zuu, 19:24
Shikamoo mzee

Mzee Kondo, 19:31
Marahaba wanangu. Mama Nasra, kabla ya yote toa hati yako usome ukurasa wa masharti. Utakuta imeandikwa matumizi ni makazi, kundi A. Hilo ndilo sharti ulilopewa nalo ardhi, na afisa akija anasimama hapo.

Sasa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi bila kibali cha mamlaka ya upangaji, na kuendeleza wanahesabu hata kubadili matumizi, siyo kujenga peke yake. Lakini yawe mabadiliko makubwa. Sisi tukifika kwenye kiwanja tulikuwa tunatazama: nani analala humu? Wateja wanaingia kiasi gani? Kuna moshi, kelele, harufu? Maji machafu yanaelekea wapi? Magari yanasimama wapi? Mama anayelala na wanawe humo, akaoka keki za oda kwenye jiko lake, nyumba yake bado ni nyumba. Akihamisha vitanda aweke majiko makubwa na wafanyakazi, hapo ameanzisha kiwanda na atafute kibali.

Mama Nasra, 19:34
Mimi nina oveni moja na msichana wa kunisaidia siku za harusi tu. Na leseni ya biashara ninayo mzee! Niliomba mwenyewe mtandaoni, kwenye mfumo wa serikali wa TAUSI. Sasa wanasemaje sina kibali?

Mzee Kondo, 19:40
Hapo ndipo watu wengi wanaumia, na inaniuma kwa sababu hakuna anayewaeleza dirishani. Leseni inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Inakuruhusu WEWE kufanya biashara. Haibadilishi kiwanja. Kiwanja kiko kwa afisa mipango miji, leseni iko kwa afisa biashara, na anayekupa leseni anaweza asiifungue kabisa hati yako.

Mama Imani, 19:42
Si aombe tu wambadilishie kiwe cha biashara, yaishe?

Mzee Kondo, 19:49
Asikimbilie huko. Kubadili matumizi ni maombi kwa mkurugenzi, mwenye hati mwenyewe ndiye anaomba, tangazo linawekwa ili majirani watoe maoni, kisha kamati ya mipango miji inakaa. Na ukikubaliwa, pango la ardhi unalolipa kila mwaka linahesabiwa kwa kiwango cha biashara, ambacho kiko juu ya makazi. Utalipa hata mwaka ambao hukuoka keki moja. Kwa oveni moja ya jikoni mimi simshauri.

Dada Zuu, 19:51
Na sisi wapangaji?

Mzee Kondo, 19:53
Leseni unaweza kuomba kwa mkataba wako wa pango. Matumizi ya kiwanja huwezi kuyaombea, ni ya mwenye nyumba. Mwambie unachofanya humo, na kiandikwe kwenye mkataba.

Asia wa Kona, 19:58
Samahani naingilia. Mama Nasra, kwa chakula kuna upande wa TBS pia, Shirika la Viwango. Tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula umetoka TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa, ukaenda kwao. Na cheti cha kupima afya ni kila miezi sita. Weka vyote pamoja na barua ya majibu, wakuone umejipanga.

Mama Nasra, 20:01
Asante mdogo wangu. Kupima nimepima mwezi wa nne, mimi na msichana wote.

Fundi Side, 20:06
Mzee, na mimi unanishauri nini? Niambie tu.

Mzee Kondo, 20:14
Side mwanangu, nitakwambia kama ninavyomwambia mwanangu. Yako ni tofauti. Kuchomelea mageti ni karakana. Kuna kelele, cheche, vyuma barabarani, na mtungi wa gesi hatua chache kutoka dirisha la watoto. Ukiomba kibali hapa katikati ya makazi sioni kamati ikikupa, na mimi ningekuwa ndani nisingekupa. Tafuta eneo.

Fundi Side, 20:17
Fremu za barabarani siwezi mzee. Wanataka kodi ya miezi sita mbele. Na nina vijana wawili wananitegemea.

Baba Imani, 20:25
Side, mimi sitaki ufunge, wala uhame mtaa. Nyuma ya stendi mafundi wa mageti wanachangia uwanja mmoja, shemeji yangu yuko pale. Kesho nakupeleka, tuulize nafasi. Kukata na kusaga kufanyike kule, kupima na kupaka rangi ufanyie hapa. Wakati unatafuta, ikifika saa kumi na moja jioni zima.

Fundi Side, 20:28
Sawa kaka. Kuanzia leo nazima saa kumi na moja. Kesho tuondoke saa ngapi?

Baba Imani, 20:29
Saa moja, kabla sijaenda kazini.

Mzee Kondo, 20:33
Vizuri sana. Ila mjue makubaliano yenu hayamzuii afisa. Uwanja utafutwe kweli, isiwe maneno ya leo.

Mama Nasra, lile bango la getini lishushe. Afisa anayepita na gari hajui kama una oveni moja au kumi, anaona bango anaandika duka. Keki ziende kwa bodaboda, wateja wasijae kibarazani. Na usikae na barua mpaka siku ya 13.

Mjumbe, 20:36
Mama Nasra, kesho saa tatu nakufuata. Tunapita kwa mtendaji atuandikie kwamba unaishi humo na hakuna jirani aliyekulalamikia. Wanaokubali kutia sahihi waseme hapa.

Mama Imani, 20:36
Mimi na Baba Imani wote

Asia wa Kona, 20:37
Nipo

Dada Zuu, 20:37
Na mimi

Fundi Side, 20:38
Nipo mjumbe

Mama Nasra, 20:44
Nimelia hapa. Asanteni sana. Mzee, barua niandikeje?

Mzee Kondo, 20:52
Ukurasa mmoja. Taja kumbukumbu namba ya barua yao na tarehe. Eleza kwamba unaishi humo na familia, unaoka kwa oda, oveni ni moja, hakuna kaunta ya kuuzia. Omba afisa mipango miji aje akague kabla ya hatua yoyote. Ambatisha nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi, leseni, TIN na vyeti vya afya. Peleka nakala mbili masjala, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Bila muhuri hukupeleka kitu. Na picha ya hati usiiweke humu kwenye kikundi, nitumie peke yangu.

Mama Nasra, 20:54
Nakutumia sasa hivi mzee.