Lambo la udongo linavuja chini ya tuta: nifanye nini kabla ya masika?

Mkulima wa Mwakirunge
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Huku Mwakirunge tuna lambo la udongo alilotuachia marehemu baba, nalo ndilo linalotupatia maji ya kunyweshea mchicha, bilinganya na mipapai wakati wa kaskazi. Tangu vuli iishe, upande wa nje wa tuta, karibu na chini kabisa, pana mahali panapochuruzika maji mchana na usiku. Jirani mmoja ananishauri nipazibe kwa saruji, na mwingine anataka nikate mwembe uliomea juu ya tuta. Bondeni kuna nyumba za watu, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Fundi wa Malambo
Waaleikum salaam. Kwanza yachote maji hayo katika chupa nyeupe uyatazame. Lambo la udongo halikosi kuvuja kidogo, na maji yakiwa maangavu na kiasi chake hakizidi, unayo nafasi ya kujipanga. Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa ndani ya tuta na kujitobolea njia, na tundu la namna hiyo huweza kulibomoa tuta zima kwa saa chache tu. Saruji usitie kabisa, kwa maana ukipaziba kwa nje, maji hujaa ndani ya tuta, shinikizo likaongezeka, nayo yakatafuta upenyo mwingine usioujua. Tandika mchanga safi mahali hapo, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki.

Bibi Shamba, Kisauni
Kuhusu mwembe, kuukata peke yake hakutoshi, kwani mizizi ikifa huoza na kuacha mianya ndani ya tuta. Ngoja maji yapungue, uing'oe mizizi, kisha ujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa vyema. Lakini hujatueleza maji yaliyozidi hutokea wapi! Tuta la udongo likifurikwa kwa juu hulika upesi, na wapo wanaoziba mfereji wa kutolea maji kwa magunia ili wahifadhi mengi zaidi. Huko Solai, Kaunti ya Nakuru, bwawa la kunyweshea mashamba lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 walifariki.

Mkulima wa Mwakirunge
Nimeyachota. Mfereji uko wazi, ila maji yana rangi ya udongo.

Fundi wa Malambo
Basi anza leo kuyapunguza maji ya lambo, ila polepole, kwa sababu yakishuka ghafla, upande wa ndani uliolowa huweza kuporomoka. Waarifu walioko bondeni kabla ya usiku kuingia, kisha uwaite Mamlaka ya Rasilimali za Maji waje na mhandisi. Usilijaze tena kabla hajalikagua.