Tupeane uzoefu: ofa ya kufundisha shule ya kimataifa nje ya nchi, niipokee au niiache?

Mwalimu wa Mtanda
Habari za jioni, ndugu zangu wa Kusini. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia katika sekondari ya serikali hapa Lindi, daraja la mshahara la TGTS D, na nina miaka tisa kazini. Nimepata ofa kutoka shule binafsi ya Dubai inayofuata mtaala wa Uingereza. Mkataba ni wa miaka miwili, kazi inaanza mwishoni mwa Agosti, na malipo ni dirhamu 7,000 kwa mwezi, pamoja na chumba cha kushirikiana na mwalimu mwingine, bima ya afya na tiketi ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Mke wangu ni muuguzi na tuna watoto wawili wadogo. Wanataka jibu mapema. Naomba mliokwisha kupita njia hii mnieleze mliyoyaona, na pongezi tuziweke kando kwanza.

Chuno
Nami niko hapo hapo, ila yangu ni ya Oman. Nimekaa pembeni nasoma.

Binti Mikindani
Mwalimu, nimesoma ombi lako nikakumbuka stoo ya maabara. Nilikwenda China kufundisha Biolojia kwa Kiingereza katika shule iliyojinadi kuwa ya kimataifa. Wakala alinikatia viza ya M, ambayo ni ya biashara, akanihakikishia kwamba nikishafika shule itanibadilishia. Viza ya kazi ya kule ni Z, na aliyeingia nayo anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Kila nilipouliza, niliambiwa makaratasi yanashughulikiwa, na mshahara ulikuwa ukiingia bila tatizo, kwa hiyo nikaendelea kufundisha.

Asubuhi moja nikiwa katikati ya somo la usanisinuru, naibu mkuu wa shule alifungua mlango bila kubisha hodi, akaniambia nichukue mkoba na nimfuate, nisifute ubao. Alinipeleka stoo ya maabara, nikawakuta walimu wenzangu wawili, mmoja Mfilipino na mwingine Mkameruni, wameketi juu ya maboksi ya darubini. Akatuzimia taa, akatuambia tuzime simu, akafunga mlango kwa ufunguo kutoka nje. Mle ndani kulikuwa na kiunzi cha mifupa cha plastiki kilichoning'inia kwenye chuma chake, na wanafunzi walikuwa wamekivisha kofia ya michezo. Nilikitazama kile kiunzi muda wote tuliokuwa mle, kwa sababu kila nilipogeuza macho kwa wenzangu niliona nao wametoa macho kama mimi. Wakaguzi walipita ukumbini, tukasikia viatu vyao vikisimama karibu na mlango, wakazungumza, mtu mmoja akacheka, kisha wakaondoka. Sheria ya kule inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Tarakimu hizo nilizijua kwa kichwa, na nadhani ndizo zilizonikausha koo. Mchana tulifunguliwa, naibu akatuomba radhi kwa usumbufu, na akatukumbusha kwamba ratiba ya vipindi vya alasiri haijabadilika.

Msimbati
Pole sana, dada. Ikaishaje?

Mama Nachingwea
Subhanallah. Na wazazi nyumbani walikuwa wanajua?

Newala Juu
Pole, dada yangu, lakini tusimtishe mwenzetu kwa mambo ya China wakati ofa yake ni ya Dubai. Nimefundisha Falme za Kiarabu, kwa hiyo nitamweleza ninachokifahamu. Mwalimu, usiangalie hizo 7,000 kwa jumla yake, uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani. Kiinua mgongo cha kule hukokotolewa kwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na posho hazihesabiwi. Shule nyingi huandika msingi mdogo na posho kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Kama msingi wako ni 2,800 na zilizobaki ni posho, kila mwaka unajiwekea dirhamu 1,960, ilhali kama zote 7,000 zingekuwa msingi, ungejiwekea 4,900. Kwa miaka miwili tofauti hiyo inakaribia mshahara wako wa mwezi mzima.

Jambo la pili ni familia. Ili umdhamini mkeo na watoto wapate ukaazi, unatakiwa uwe na mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 ukiwa umepewa makazi. Kwa mshahara unavuka, lakini chumba cha kushirikiana na mwalimu mwingine hakimpokei mke. Ama upewe posho ya nyumba ukapange mwenyewe, na kodi ya kule hulipwa kwa hundi za miezi mingi mbele, ama ukubali kuishi kama kijana asiyeoa. Walioandika ofa hiyo wanalijua vizuri.

Mzee wa Ndanda
Mwanangu wa Mtanda, nimestaafu ukuu wa shule, nami nitazungumzia upande ambao vijana huuruka. Wewe ni mtumishi wa umma. Ukiondoka bila ruhusa, baada ya siku tano unahesabika mtoro kazini, jalada lako linafunguliwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na mwisho wake ni kufukuzwa kazi. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, usubiri jibu kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inahitaji uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka kumi na mitano, nawe una tisa. Na hiyo Agosti yao, kwetu ni wakati ambao kidato cha nne wanajiandaa kwa mtihani wa Taifa wa Novemba. Nani atawafundisha Fizikia?

Newala Juu
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, ofa haisubiri barua ipite ngazi zote hizo. Mimi niliondoka, na sijutii. Kuhusu kidato cha nne, upungufu wa walimu wa Fizikia haukuletwa na mwalimu mmoja wa Lindi, wala hautaondolewa na yeye kubaki.

Mzee wa Ndanda
Marahaba. Hujutii kwa sababu ulikuwa kijana asiye na watoto, na wazazi wako walikuwa na mikorosho. Usimpe mwenye familia ushauri wa mtu asiye na mzigo.

Newala Juu
Mikorosho hiyo, Mzee, ndiyo iliyonisomesha, na fedha za Dubai ndizo zilizoipalilia. Naomba tusiingie kwenye familia za watu.

Kilwa Masoko
Ningewaomba wazee wangu wawili hawa wapewe mkataba mmoja wausaini wote, kisha tuone nani atafika Dubai kwanza. Mwalimu, nenda. Ukirudi, tuletee tende.

Masasi, mke wa mwalimu
Naomba niseme kwa niaba ya wanaobaki, maana sijaona aliyewagusa. Mume wangu alikwenda kufundisha Ghuba, na sina cha kulalamika kuhusu fedha, zilikuja kila mwezi na nyumba imeezekwa. Ila mwaka ule wa kwanza kazi zote za shamba zilikuwa juu yangu. Nilisimamia palizi, nikatafuta kijana wa kupulizia mikorosho salfa, nikapeleka korosho ghalani mwenyewe na stakabadhi zikawa mkononi mwangu, huku nikifundisha shule ya msingi. Na kwa kuwa sisi ni Wamakua, mtoto alipougua sana, aliyeulizwa la kufanya alikuwa kaka yangu, mjomba wa watoto, naye aliamua vizuri, lakini baba mtu akiwa kule alihisi ameondolewa nyumbani kwake. Kabla hujasaini, kaa na mkeo na shemeji zako mkubaliane nani ataamua nini utakapokuwa haupo. Hilo halimo kwenye mkataba wowote wa shule.

Mama Nachingwea
Kweli kabisa, hasa hapo kwa mjomba.

Msimbati
Nami niongeze la vyeti, kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Kwa Falme za Kiarabu cheti cha shahada kinapita Wizara yetu ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao Dar es Salaam, kisha wizara yao ya mambo ya nje kule. Majina lazima yafanane kila mahali. Cheti changu cha NECTA, baraza letu la mitihani, kimeandikwa “Mohamedi”, pasipoti imeandikwa “Mohamed”, na kwa herufi hiyo moja nilirudishwa nikaape kwa wakili. Nilikuwa Dar nikishughulikia hayo mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zikakata barabara pale Somanga, nikakwama huko na vyeti halisi ninavyo mimi, wakati shule inataka nakala zilizothibitishwa na mkuu wangu wa shule aliyeko Mtwara. Anza na vyeti leo, hata kama hujaamua kwenda.

Nanyamba
Yangu haikuwa ya mbali, ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu, kufundisha watoto wa wataalamu wa mradi wa gesi wa Cabo Delgado, Msumbiji. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, Aprili TotalEnergies, kampuni yenye mradi, ikatangaza kusimamisha mradi kwa sababu ya dharura, na barua yangu ya ajira ikabaki karatasi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, ila namshukuru mkuu wangu hakuwa ameipeleka. Someni kifungu cha dharura: mkataba ukivunjika, nani anamlipa nani, na nauli ya kurudi ni ya nani.

Chuno
Niulize: kuna aliyetakiwa awe na QTS, ile ithibati ya ualimu ya Uingereza? Mimi niliiulizwa kwenye usaili. Mwaka 2023 waliwafungulia walimu wa nchi kadhaa, zikiwemo Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe, na Tanzania haikuwamo. Shule ikanibadilishia cheo, kutoka mwalimu wa somo hadi mwalimu msaidizi, kwa mshahara mdogo zaidi. Ndiyo maana nasitasita.

Newala Juu
Usikubali cheo cha msaidizi, mdogo wangu. Ukishaingia kwa mlango huo, wa kutokea hauonekani.

Kilwa Masoko
Mimi ningekubali, nikaingia, nikatafuta shule nyingine nikiwa huko huko.

Mwalimu wa Mtanda
Nawashukuru nyote. Kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa sababu nililiona dogo. Ofa hii imeletwa na wakala, naye anataka shilingi milioni moja na laki mbili za “usajili na uhakiki wa viza” kabla ya mwisho wa mwezi. Sijalipa.

Binti Mikindani
Usilipe! Mwalimu, usilipe hata senti. Wakala wangu naye alianza na usajili.

Newala Juu
Hapa nakubaliana na dada bila kipingamizi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakataza gharama za kumwajiri mfanyakazi kutwishwa mfanyakazi mwenyewe, ziwe za moja kwa moja au za kuzunguka. Mwajiri ndiye anayelipa. Tena ofa halali kwa shule binafsi inasajiliwa kwenye mfumo wa wizara yao ya kazi, ina namba yake, unaisaini kabla hujaingia nchini, na mkataba wa baadaye hautakiwi kuwa chini ya ofa hiyo. Mwombe wakala namba hiyo. Kwa Dubai pia mwalimu anaidhinishwa na KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi. Uliza nani anashughulikia idhini yako, na soma ripoti za ukaguzi wa shule hiyo walizokwisha kuzitoa.

Kilwa Masoko
Mawakala wote huchukua kitu, ndugu zangu, tusijifanye malaika. Mpe nusu sasa na nusu akishapata viza.

Mzee wa Ndanda
Nusu ya wizi ni wizi. Mwulize leseni yake ya uwakala wa ajira, kisha uihakiki kwa TaESA, ambao ni wakala wa serikali wa huduma za ajira. Na kwa mara ya kwanza leo, nasimama na huyu bwana wa Newala.

Newala Juu
Nashukuru, Mzee. Nitaliweka kwenye kumbukumbu.

Msimbati
Dada wa Mikindani bado hajatujibu. Ulitokaje China?

Binti Mikindani
Nilitoka kwa mlango wa mbele. Sikurudi tena darasani baada ya wiki ile. Nilimwandikia mkuu wa shule kwamba naondoka kabla viza haijaisha, nikanunua tiketi kwa fedha zangu, na mshahara wa mwezi wa mwisho haukulipwa hadi leo. Yule Mfilipino alibaki. Sijui kilichompata.

Mwalimu wa Mtanda
Nimempigia simu mkuu wa rasilimali watu wa shule yenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yao na si ile aliyonipa wakala. Shule ipo na nafasi ipo, lakini mama yule amesema hawamfahamu wakala huyo na hawajawahi kumtoza mwalimu fedha. Ameniomba nitume maombi upya moja kwa moja. Nimemuuliza kuhusu mshahara wa msingi na nyumba ya familia, akasema atanijibu kwa barua pepe. Kwa hiyo sijakubali wala sijakataa. Mzee wangu, barua ya likizo bila malipo naielekeza kwa nani?

Mzee wa Ndanda
Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikipitia kwa mkuu wako wa shule na kwa Afisa Elimu Sekondari. Ambatanisha ofa iliyosajiliwa, siyo hiyo ya wakala. Taja tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na usiondoke na jibu la mdomo. Deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, kama unalo, nalo ulieleze utakavyolilipa, kwa sababu ile asilimia 15 haitakatwa tena kwenye mshahara ambao hupokei, bali utalipa mwenyewe kwa namba ya malipo.

Chuno
Mzee, na kwa mwalimu wa shule binafsi ambaye hana Mkurugenzi?

Mzee wa Ndanda
Huyo asome notisi kwenye mkataba wake, kisha aende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, akaulize michango yake imefika mwezi gani. Wengi hushangazwa na jibu.