Washington State na Pac-12 mpya: chuo kimeokoka, au kinakalia kuti kavu?

Mleta mada (Seattle)

Wakuu, salaam. Hili nimelibishania sana kwenye magari ya watu na kwenye sherehe za kutoa mahari, leo nalileta mezani tubishane wote. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, WSU, kile cha Pullman, kilifanya vyema kuing'ang'ania Pac-12, ligi yake ya michezo, na kuijenga upya? Au kingeingia tu Mountain West, ligi ya jirani yenye mgao mdogo, mapema, kikaendelea na maisha?

Kwa wasiofuatilia: michezo ya vyuo huku Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Vyuo hujiunga na ligi kwa uanachama, konferensi kama wanavyoziita, na ligi ndiyo huuza haki za matangazo ya televisheni kisha ikagawa hela. Uko ligi tajiri? Fungwa hata mechi zote, mgao wako utafika. Uko ligi fukara, shinda utakavyo. Anayeshuka ni yule aliyeachwa stendi wenzake wakapanda basi.

Pac-12, ambayo mizizi yake ni ya 1915, iliwaacha hawa stendi hivi. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vikubwa vya Los Angeles, walitangaza kwamba wanakwenda Big Ten, ligi tajiri. Viongozi wakahangaika mwaka mzima kutafuta mkataba mpya wa televisheni, wakaambulia ofa ya Apple. Mwisho wa Julai 2023 Colorado akaaga. Tarehe 4 Agosti, siku moja tu, Oregon na Washington (kile chuo cha hapa Seattle, si WSU) wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakakimbilia Big 12, ligi nyingine. Hapo ilikuwa kugawana mbao. Septemba mosi Stanford na Cal, kile cha Berkeley, wakaingia ACC, ligi yenye jina la bahari ya Atlantiki, ilhali wao wanaamka na kulala upande wa Pasifiki. Wakabaki wawili: WSU na Oregon State.

Kilichofuata ndicho kinachofanya niwavulie kofia. Wale kumi walioaga bado walitaka viti kwenye bodi na kura juu ya fedha. Ni sawa na ndugu waliohamia ukweni kisha wanarudi kwenye kikao cha ukoo kuamua ng'ombe auzwe au abaki. Wawili waliobaki wakaenda mahakamani katika kaunti ya Whitman, ambako Pullman ndipo ilipo, wakashinda, na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuipitia hukumu. Mwisho wakapatana: kila aliyeondoka akaacha dola milioni 6.5. Zidisha kwa kumi. Hizo ndizo zilizolisha nyumba mbili wakati wa njaa.

Halafu ikaja kazi ya kutafuta wapangaji. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinataka ligi ya ngazi ile iwe na vyuo vinane vya mpira wa Kimarekani, ila ukipungukiwa unapewa miaka miwili ya kujipanga. Msimu wa 2024 waliilipa Mountain West kama dola milioni 14 ili wapate wapinzani wa kucheza nao. Septemba mwaka huohuo wakageuka wakawabeba wanne wa Mountain West ileile: Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State. Kisha Utah State. Jirani amekuazima sufuria, umeondoka na jiko. Adhabu ya kunyakua wanachama ilifika kama dola milioni 55, na mambo yakaishia tena kwa mawakili. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA walishawishiwa wakakataa. Gonzaga wakaja na mpira wa kikapu wao mtamu, lakini mpira wa Kimarekani hawachezi. Kiti cha nane kikajazwa na Texas State mwishoni mwa Juni 2025, ili ligi ihesabike kuanzia Julai 2026.

Msimamo wangu: kubaki na jina na kasha la fedha ilikuwa sahihi. Kosa ni kuendelea kuishi kama bado uko meza moja na USC. Mgao wa zamani ulizidi dola milioni 30 kwa mwaka kwa kila chuo. Huo umekwenda na haurudi. Pullman ni mji wa watu kama 32,000 katikati ya mashamba ya ngano. WSU sasa ni kitalu cha miche. Cam Ward, mrusha mpira wao wa 2022 na 2023, alihamia Miami, na 2025 akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Aliyemrithi, John Mateer, akacheza msimu mmoja mzuri akaenda Oklahoma, na kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest mwezi huohuo. Unamwagilia, mwenzako anavuna.

Na kinachoniuma mimi kama Mkenya: Juni 2025 chuo kilitangaza kwamba timu ya riadha inaacha mitupo na miruko, inapunguza mbio fupi na viunzi, inabaki na mbio ndefu. Hiki ndicho chuo cha Henry Rono, jamani. 1978, ndani ya siku 81, mwanafunzi huyu wa Pullman alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ya kwanza aliiweka Berkeley, ya pili Seattle. Yaani kwenye viwanja vya Cal na Washington, wanachama wenzake wa ligi wakati ule. Ligi ilikuwa na vyuo vinane. Leo wamebaki wawili walewale.

Karibuni.

Mdau wa Spokane

Kaka, umeandika vizuri lakini umekosea palepale unapopaona pabaya. Unasema waishi kulingana na udogo wao. Udogo huo utalipwa na nani? Mpira wa Kimarekani ndio ng'ombe wa maziwa. Ukimnyima majani ili upate hela ya riadha, baada ya miaka mitatu huna ng'ombe na riadha huna.

Wangeingia Mountain West mapema, wangeingia kama mgeni anayepangiwa pa kulala. Sasa wenyewe ndio wenye hati ya nyumba. Televisheni ya CBS wamesaini na ligi mpya hadi msimu wa 2030-31, na Gonzaga wako hapahapa Spokane, saa moja na nusu kwa gari kutoka Pullman. Nimeishi hapa miaka kumi na moja. Jumamosi ya mechi barabara ya 195 ni msururu wa magari mekundu kati ya vilima vya ngano, wazee wa miaka sabini wamefunga bendera dirishani. Bendera ile ya WSU, kama hamjui, hupeperushwa nyuma ya watangazaji wa kipindi cha Jumamosi asubuhi cha ESPN popote kinaporushwa, wiki baada ya wiki tangu 2003, hata pale ambapo WSU haihusiki kabisa. Watu wanapokezana kuibeba. Chuo chenye watu wa namna hiyo hakifi kwa sababu televisheni imeamua.

Halafu 2024 tuliwafunga Washington 24-19 hukohuko kwenu Seattle. Big Ten yao na yote.

Mleta mada (Seattle)

Na 2025 mkalishwa 59 kwenu Pullman. Hiyo umeiruka, kaka.

Kijana wa Dar

Samahani wakuu, mimi naomba kueleweshwa. Ligi ya timu mbili? Bingwa alipatikanaje?

Mdau wa Spokane

Hakupatikana, mdogo wangu. 2024 na 2025 walizunguka kutafuta mechi kama timu ya mtaani. 2025 walicheza wao kwa wao mara mbili ndani ya Novemba, kila mmoja akashinda kwake. Cheka tu, sisi tulishacheka tukachoka.

Mama Mitupo

Nimesoma mpaka kwenye tangazo la mitupo nikasimama. Sizungumzii WSU, sina mtoto kule. Binti yangu alikuwa akitupa tufe na kisahani chuo kingine, sitakitaja. Walimwita kwenye kikao cha video cha dakika kumi na mbili, wakawaambia wote kwa pamoja. Skolashipu itaheshimiwa hadi amalize, lakini timu haipo. Alinipigia akiwa ameketi ndani ya gari kwenye maegesho, akaniambia, "Mama, viatu vyangu vya duara nivipeleke wapi?" Vile viatu havina meno chini, ni laini, huwezi kuvivaa kwa kitu kingine chochote duniani.

Kwa hiyo kaka wa Spokane, ng'ombe wa maziwa namwelewa. Ila tangu Juni 2025, mahakama ilipopitisha makubaliano ya kuwalipa wachezaji, chuo kinaruhusiwa kuwapa fungu lao, na kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, ukomo ulikuwa kama dola milioni 20.5. Nani anapata nyingi kati ya hizo? Walewale wa mpira wa Kimarekani na kikapu. Maziwa anayanywa ndama wake mwenyewe. Sisi wengine tunaambiwa tushukuru kwamba zizi lipo.

Mleta mada (Seattle)

Mama, pole sana kwa binti. Hilo la ndama nimelikubali bila ubishi. Nilipokuwa naandika nililia mbio za Rono, wakati mbio ndefu zenyewe zimebaki. Waliokatwa ni wengine kabisa.

Mdau wa Spokane

Mama, shikamoo. Sina jibu la viatu. Ninachosema ni kwamba chuo kilichoachwa na wenzake kumi kilikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa na watu wa kuumia. Ungeingia Mountain West na ule mgao wao mdogo, mitupo ingekatwa hata mapema zaidi.

Mama Mitupo

Marahaba. Huenda. Lakini angalau tungejua tumekatwa kwa umaskini, si kwa kushindana na matajiri.

Mkufunzi wa Iten

Ndugu zangu, naona mnajadili kwa uchungu, nami niongeze la huku Kenya. Pullman huku si jina geni kwa wazee. Kabla ya Rono kulikuwa na Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya mita 10,000 Helsinki 1977 akiwa mwanafunzi wa hapohapo. Baadaye Julius Korir, dhahabu ya Olimpiki 1984 kwenye viunzi na maji. Na rekodi ya Rono ya viunzi ilidumu miaka kumi na moja, mpaka 1989 Peter Koech alipoishusha kwa sehemu ya sekunde kule Stockholm. Koech naye alisoma Pullman. Yaani rekodi ilihama chumba ndani ya nyumba moja. Kocha John Chaplin alikuwa amefungua njia, na njia hiyo haikuhitaji televisheni.

Kwa hiyo chuo kikisema kinabaki na mbio ndefu, huku tunasikia kitu tofauti na mnachosikia huko. Sisemi ni heri, mama, msinielewe vibaya.

Juzi nilimsomea kijana mmoja mada hii. Ana muda mzuri wa mita 5,000 na alama za kutosha za kidato cha nne, anaandikiana na makocha wa vyuo vitatu. Nikamweleza Pac-12, Big Ten, kesi, ndugu kumi na ng'ombe. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akauliza mambo mawili. La kwanza, je, skolashipu ni kamili au nusu, kwa sababu binamu yake alipewa nusu chuo fulani na familia ikauza shamba kumalizia. Nikamwambia zamani wavulana wa riadha na mbio za nyika waligawana skolashipu 12.6 timu nzima, ndiyo maana ya zile nusunusu. Sasa kwa vyuo vilivyoingia kwenye yale makubaliano kuna ukomo wa idadi ya wachezaji tu, kwa hiyo kamili inawezekana kama hela ipo.

La pili akauliza kama Pullman kuna baridi.