Nguo za oranji ndani ya gari msimu wa kulungu: lini ni lazima, lini si lazima

Kutoka: Baba Neema, Louisville

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mwezi ujao tunakwenda jimbo la Alabama, hapa Marekani, kuwinda kulungu kwa bunduki kwenye shamba la mwenyeji wetu. Tutakuwa watu wazima watatu na kijana wangu wa miaka 12, wote ndani ya pikapu moja. Mwenyeji anasema ndani ya gari nguo za oranji, zile za kuwafanya wawindaji wengine wakuone wasikudhanie mnyama, si lazima. Shemeji anashikilia tuvae tangu tunatoka nyumbani, la sivyo askari wa wanyamapori atatupiga faini. Nani yuko sahihi? Na hizi reflekta zetu za kazini zitafaa, au tununue nyingine?

Kutoka: Mzee wa Huntsville

Marahaba, Baba Neema. Mwenyeji wako amesema kweli, ila amekupa kipande tu cha kanuni, na kipande alichokiacha ndicho kinachowaponza watu.

Alabama, msimu wa kulungu kwa bunduki ukiwa wazi, anayewinda lazima awe na oranji: ama vazi la nje juu ya kiuno lenye oranji isiyopungua inchi za mraba 144, ama kofia kamili ya oranji. Ionekane kutoka pande zote. Haijalishi kwamba wewe unafuata sungura au kindi, au umebeba upinde badala ya bunduki. Maadamu msimu ule uko wazi, kanuni inakuhusu. Wanaosamehewa ni wanaowinda batamzinga, wanaowinda ndege wanaohama, na wawindaji wa usiku wa mbweha, rakuni na oposamu (hao wawili wa mwisho ni wanyama wadogo wa usiku). Kofia inaweza kuwa na nembo ndogo au maandishi sehemu ya mbele, basi. Nyekundu haikubaliki, wala oranji iliyochanganywa na mabaka ya kujifichia.

Sasa msamaha wa gari. Huhitaji oranji ukiwa juu ya dungu lililoinuka futi 12 au zaidi kutoka chini, ukiwa ndani ya kibanda kilichofungwa, ukiwa unasafiri ndani ya gari lililofungwa, au ukitembea kwa miguu moja kwa moja kati ya gari hilo na dungu au kibanda chenye msamaha, mradi umbali usizidi futi 20. Futi 20 ni kama mita 6. Hesabu hatua zako: ukifika ya tisa au ya kumi umeshazimaliza. Madungu mengi yako mbali na njia ya gari kuliko hapo, kwa hiyo huo msamaha wa mwisho ni wa wachache sana.

Zingatia neno "lililofungwa". Kibini ya pikapu yenye milango na paa, sawa. Aliyekaa nyuma kwenye bodi hayumo ndani ya gari lililofungwa, hata kama dereva wake yumo. Pikipiki ya magurudumu manne si gari lililofungwa. Vile vigari vya shambani vyenye paa lakini havina milango, msivihesabu kabisa kuwa ni gari lililofungwa; vaeni oranji.

Ukiacha zile futi 20 za kwenda kwenye dungu, msamaha unakwisha mguu unapogusa ardhi, na katika safari ya kuwinda watu hushuka mara nyingi kuliko wanavyodhani. Chukua geti la shamba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, aliyekaa pembeni anashuka na koti lake la kahawia, anainama kufungua mnyororo, anasukuma geti, anasubiri pikapu ipite, anafunga, anatembea kulifuata gari lililosimama mita 20 mbele. Kwa dakika mbili amekuwa umbo la kahawia lililoinama kando ya kichaka, kwenye mwanga hafifu, na jirani huenda yuko tayari juu ya dungu lake. Ni hivyo hivyo anayeshuka kujisaidia, anayeshuka kutazama nyayo, anayeshuka kubadilisha tairi. Kila mmoja wao anahitaji oranji kabla ya kufungua mlango, maana akishashuka na kuanza kuitafuta nyuma ya kiti amechelewa.

Kwa hiyo jibu langu kwa shemeji: sheria ya Alabama haimlazimishi kuvaa ndani ya kibini, ila ushauri wake ni mzuri. Mkishaingia njia ya vumbi ya shamba, kila mtu awe na kofia kichwani tayari. Kulungu hana uwezo wetu wa kutenganisha rangi nyekundu na oranji. Kwake ni rangi iliyofifia tu, kwa hiyo hakuna unachopoteza hata ukibaki nayo juu ya dungu.

Kutoka: Mama Amani, Bowling Green

Mzee asante. Niongeze upande wetu wa Kentucky, kwa sababu Baba Neema anaishi huku na siku moja atawinda huku. Asije akaichukua kanuni ya Alabama akaihamishia nyumbani. Kinachotazamwa ni ardhi unayowindia. Namba ya gari na anwani yako havihusiki.

Kentucky, msimu wa kulungu kwa bunduki, oranji inatakiwa kichwani, kifuani na mgongoni, iwe ya rangi moja bila kukatizwa na mabaka, ionekane pande zote. Kofia peke yake haitoshi. Na haiwahusu wenye bunduki tu: anayemsindikiza mwindaji naye lazima avae. Yaani yule ndugu aliyekuja kubeba chai na kupiga picha naye anahesabiwa. New York nao wanamhesabu anayefuatana na mwindaji wa kulungu au dubu mwenye bunduki.

Kuhusu reflekta za kazini. Kama ni zile za kijani-manjano, ziacheni nyumbani. Rangi hiyo si oranji, hata ing'ae namna gani. Kama ni za oranji, tazameni kitambaa. Nyingi zimefumwa kama wavu ili mfanyakazi asitoe jasho, na Kentucky hawakubali wavu wenye matundu yanayozidi robo inchi. Halafu kuna mikanda ya kuakisi taa: ile ni ya kijivu, inakata oranji vipande vipande, na eneo lake huwezi kulihesabu. Kizibao cha kuwindia ni bei ndogo. Nunueni, muondokane na mabishano na askari kando ya barabara.

Kuhusu gari: pale ambapo kanuni ya jimbo haikutaja gari hata kidogo, msijitungie msamaha. Majimbo mengi yanaeleza "kuwinda" kwa upana. Maine, kwa mfano, kuwinda ni pamoja na kumtafuta mnyama na kumfuatilia, wala si kupiga risasi peke yake. Anayeendesha polepole kwenye njia ya msituni, dirisha wazi, macho kwenye miti, atapata shida kumweleza askari kwamba alikuwa anasafiri tu. Kule Maine msimu wa kulungu kwa bunduki wanataka vitu viwili: kofia ya oranji, na koti au kizibao cha oranji kinachofunika sehemu kubwa ya kiwiliwili. Vaa vyote viwili kabla ya kuiacha lami.

Kutoka: Baba Neema, Louisville

Nimeelewa, dada. Swali la kijana: kizibao chake ni kidogo kwa sababu mwili wake ni mdogo. Hizo inchi za mraba anazipimaje?

Kutoka: Kaka wa Thunder Bay

Habari za huko kusini. Kipimo ni rahisi, chukua futi ya fundi cherehani. Laza kizibao mezani, pima upana na urefu wa kipande cha mgongo, zidisha, kisha kila kipande cha mbele, zidisha, jumlisha. Toa mifuko ya rangi nyingine, toa nembo, toa zipu pana nyeusi.

Mfano wa kizibao cha mtoto: mgongo sentimita 28 kwa 35 ni 980. Vipande viwili vya mbele, kila kimoja 12 kwa 35, jumla 840. Vyote pamoja ni sentimita za mraba 1,820. Alabama wanataka inchi 144, yaani kama sentimita 929, amepita vizuri. Pennsylvania wanataka inchi 250 kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja, kama 1,613. Kizibao na kofia vinatosha. Lakini hapa Ontario, Kanada, tunatakiwa inchi 400, takriban 2,580, juu ya kiuno, na kofia ya oranji ni sharti la pembeni, haiingii kwenye hesabu hiyo. Mtoto huyo huyo hapa hajatimiza. Colorado ni inchi 500, karibu 3,226, na kofia lazima iwe sehemu yake. Hapo anahitaji koti zima la oranji lenye mikono, au kizibao cha mtu mzima juu ya koti lake nene. Hicho cha pili ndicho ninachopendekeza kwa watoto wote: kinafunika zaidi, na mwakani bado kitamtosha. Kikaze ubavuni kwa kamba zake kisinase kwenye ngazi ya dungu.

Makosa ninayoyaona sana hayatokani na ununuzi. Mtu amenunua kizibao kizuri, kisha baridi inapiga anavaa koti la kahawia juu yake. Oranji lazima iwe ya nje kabisa. Au anabeba begi mgongoni. Mgongo wote umefunikwa, na kwa anayemtazama kutoka nyuma hana kitu. Funga kitambaa cha oranji kinachozunguka begi lenyewe. Na mkishampata kulungu na kumburuta kuelekea kwenye pikapu, mfungeni kitambaa cha oranji kwenye pembe na kingine mgongoni. Mtu anayeburuta ameinama, na kinachoonekana kwanza kupitia majani ni manyoya na pembe.

Kutoka: Mzee wa Huntsville

Kaka wa Thunder Bay amesema vizuri. Naomba tusiiache bunduki, maana oranji na bunduki hukutana pale pale mlangoni mwa gari.

Toeni risasi kabla ya kukaribia gari, wala si mkishaketi. Pennsylvania, bunduki yenye risasi hairuhusiwi ndani ya gari, juu ya gari, wala kuegemezwa kwenye gari, liwe linakwenda au limesimama. Maine, magazini (kile kikasha cha risasi) yenye risasi inaweza kukaa garini, ila isiwe imechomekwa kwenye bunduki. Ukienda Colorado kwa pikipiki ya magurudumu manne, bunduki ndefu iwe tupu kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na kwenye magazini, tena ndani ya mfuko uliofungika kila upande. Ala iliyo wazi mdomoni haikubaliki. Hata jimbo lisipowabana, fuateni utaratibu mmoja: mmoja atoe risasi bunduki ikielekea chini mahali salama, mwingine achungulie chemba, ndipo iingie kwenye mfuko. Kofia ya oranji isivuliwe mpaka hapo, na mkishuka iwe kichwani kabla mfuko haujafunguliwa.

Na msipige kutoka garini wala barabarani. Alabama, kwa bunduki za kulungu, kaeni zaidi ya yadi 50 kutoka barabara ya umma.

Kutoka: Mama Amani, Bowling Green

Jambo la mwisho kwa upande wangu, nimeliona kwenye magari ya wengi: kizibao kinakaa juu ya dashibodi tangu Novemba mpaka Novemba. Msifanye hivyo. Oranji hii inawaka kwa sababu rangi yake hunyonya mwanga wa urujuani na wa buluu na kuurudisha nje ukiwa oranji. Ndiyo maana inaonekana hata alfajiri, jua halijatoka. Jua kali linaiua rangi hiyo polepole. Baada ya misimu michache inakuwa kama ganda la chungwa lililokauka, na macho yako yameshazoea, huoni tofauti. Maine wameandika kwenye sheria kwamba iwe oranji inayowaka, yenye urefu wa mawimbi ya mwanga, kipimo cha kitaalamu cha rangi, kati ya nanomita 595 na 605. Wewe huna kifaa cha kupima, lakini unaweza kwenda nacho dukani, ukakiweka kando ya kipya nje ya mlango, kivulini. Kama cha zamani kimepauka, nunua kingine.

Kufua: maji ya baridi, sabuni isiyo na ving'arisha nguo, jiki marufuku, pasi usipitishe, anika kivulini. Ving'arisha hivyo vinaipa nguo mng'ao wa buluu ambao sisi tunauona ni usafi, na kulungu anauona vizuri kuliko sisi. Ikikauka, kunja uiweke ndani ya mfuko mweusi, na mfuko ukae chini ya kiti cha abiria wa mbele, kwa sababu yeye ndiye anayeshuka kufungua geti.

Kofia mbili za akiba zikae humo humo. Kuna wakati mtoto anaisahau ya kwake nyumbani, au mwenyeji anakuja na mgeni asiye na kitu.