Naomba ushauri: daraja la biashara kwa safari ndefu, shirika gani linalipa?

Wakuu, habari zenu. Nina safari ya saa 14 angani na mgongo wangu umeshagoma kukaa viti vya nyuma. Mara ya mwisho nililipia daraja la biashara, nikapewa kiti cha mteremko: kila nikisinzia najikuta nimeserereka hadi miguuni! Sasa nataka kinacholala flati kabisa.

Qsuite, kile kijichumba cha daraja la biashara cha Qatar Airways, kina mlango wake, ila hakipo kwenye ndege zao zote. Ethiopian nao, baadhi ya ndege zao za Airbus A350 zina viti vya biashara vilivyopangwa 2-2-2 (viwili viwili), yaani wa dirishani akienda msalani usiku anamruka jirani. Turkish je? Kuunganisha Istanbul sina shida nako.

Mliowahi kupanda, kununua mapema au kusubiri ofa ya kupandishwa daraja, kipi kiliwaokolea hela?