Mrejesho: Mpwa wangu aliyezaliwa na umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) usiounganika

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nilipouliza kuhusu mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa hapa Malindi akitokwa povu mdomoni na kupaliwa kila aliponyonya, mlinishauri asipewe chochote kwa mdomo, alazwe kichwa kikiwa juu, mate yafyonzwe mara kwa mara, na apelekwe upesi kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Tulifuata yote, na hilo la mate, naamini, ndilo lililonusuru mapafu yake njiani. Alipasuliwa Mombasa: njia iliyounganisha umio na bomba la hewa ikafungwa, kisha ncha mbili za umio zikashonwa pamoja. Sasa ananyonya, alhamdulillahi, ingawa kovu limebana pale paliposhonwa na kupanuliwa mara ya kwanza hakukutosha, hivyo itabidi arudi. Mola awalipe kheri.