Sinema ya mtu aliyefutwa jina, halafu mnakata majina?

Wakuu, nimevumilia mengi ila la jana limenishinda.

Saa tatu usiku chaneli moja ya sinema kwenye kisimbuzi, ya kulipia, walionyesha Trumbo, ile ya 2015 aliyocheza Bryan Cranston. Nilijaza kifurushi cha mwezi mzima kwa ajili yake, nikawaita vijana wawili ninaowafundisha kuandika skripti tukae tuitazame.

Kwa asiyemjua, Dalton Trumbo alikuwa kati ya waandishi wa skripti waliolipwa vizuri kabisa Hollywood. Mwaka 1943 akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Oktoba 1947 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akagoma kujibu kama ni mwanachama. Yeye na wenzake tisa wakatiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, akaenda kukaa jela karibu miezi 11 kule Ashland, Kentucky. Wenye studio nao wakatangaza kwamba hawatawapa kazi.

Basi akawa anaandika kwa kujificha. Yumo ndani ya bafu la maji, ubao umelazwa mbele yake, sigara mkononi, anaandika usiku kucha kazi ambazo jina lake halitakaa juu yake. Roman Holiday ya 1953 ikatoka kwa jina la rafiki yake Ian McLellan Hunter, na Oscar ya hadithi akapewa Hunter. The Brave One ikatoka kwa jina la Robert Rich, ikashinda Oscar mwaka 1957, na hakukuwa na mwandishi yeyote wa jina hilo, lilikuwa la kuazima tu! Mpaka 1960, kwenye Spartacus na Exodus, ndipo jina Dalton Trumbo likarudi kwenye skrini.

Sinema nzima imejengwa juu ya hilo jina. (Nina ugomvi nayo pia, maana Arlen Hird, mmoja wa wahusika wake, ni mtu wa kutungwa, kaunganishwa kutoka kwa waandishi kadhaa, ila hilo nitalifungulia uzi wake.)

Sasa sikilizeni. Hotuba ya mwisho imeisha, majina ndiyo yanaanza kupanda, PAP! Tangazo la kubeti. Hata jina la John McNamara, aliyeandika sinema hiyohiyo, hatukuliona. Kijana wangu mmoja alikuwa ameshika kalamu na daftari ayaandike. Akanitazama tu.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada akanijibu kwa upole, "Kaka, mbona muvi ilikuwa imeshaisha?"

Imeisha kwa nani? Trumbo alifariki 1976. Oscar ya Roman Holiday alikuja kukabidhiwa mjane wake, Cleo, mwaka 1993. Jina lake kama mwandishi wa skripti ya filamu ile lilirudishwa na chama cha waandishi Desemba 2011, Cleo naye keshafariki miaka miwili kabla. Familia imehangaika miaka karibu 60 kwa ajili ya mstari mmoja unaokaa kwenye skrini sekunde chache, na nyie sekunde hizo mnaziuza.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Mwaka juzi tamthilia niliyoiandika, vipindi 13, ilirushwa. Kipindi cha kwanza mama aliwaita majirani sebuleni kwake Tanga waje waone jina la mwanawe. Likaingia tangazo. Mama akanipigia, "Mwanangu, kwani wamekutoa?" Vipindi vyote 13 ikawa hivyohivyo.

Kwa anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko Kamati ya Maudhui ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), aniwekee hapa hatua kwa hatua. Na waandishi, wapiga picha, watu wa sauti mliokatwa hivi, leteni jina la kazi, tarehe na saa iliyorushwa. Barua naiandika mwenyewe, na majina yetu yote yatakuwemo.